Aliyesilimu Juzi: Namna ya Kumfundisha Nguzo Sita za Imani

Swala ya Ijumaa ikiisha, imamu anatangaza kwamba yupo ndugu anayetaka kusilimu. Kijana anasogezwa mbele, karibu na mimbari, anafuatisha shahada neno kwa neno, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, na msikiti mzima unaitikia kwa takbira. Watu wanampa mkono. Mmoja anamvika kofia yake mwenyewe, mwingine anamkunjia noti kiganjani. Halafu kila mtu anatafuta viatu vyake.

Wiki zinazofuata maelekezo humjia kutoka kila upande. Abadilishe jina. Suruali ipande juu ya kifundo cha mguu. Asile kwa mkono wa kushoto. Apange siku ya kutahiriwa. Asihudhurie tena harusi ya binamu yake kanisani. Mengine ni sahihi, mengine ni rai ya aliyeyasema, lakini yote yanamfikia kabla hajakalishwa kwa utulivu akaelezwa Allah ni nani, na kwa nini aabudiwe Yeye peke yake. Miezi michache baadaye haonekani safu za mbele, wala za nyuma, na tunasema kwamba hakusilimu kwa moyo. Pengine alisilimu kwa moyo kabisa, ila sisi hatukumpa moyo huo chakula.

Mtume Muhammad (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimpangia kazi kwa hatua. Kwanza awalinganie kumshuhudia Allah kuwa mmoja na Muhammad kuwa Mtume wake. Wakilikubali hilo, awafahamishe swala tano. Wakizikubali, awafahamishe zaka inayochukuliwa kwa matajiri wao ikarudishwa kwa maskini wao. Bibi Aisha (R.A.) naye ameeleza kwamba sura zilizotangulia kuteremka zilikuwa zile za kutaja Pepo na Moto, na watu walipokwisha kutulia katika Uislamu ndipo ikaja halali na haramu; lau amri ya kwanza ingekuwa kuacha pombe, watu wangekataa katakata. Na Jundub bin Abdillah, aliyekuwa kijana zama za Mtume, alisimulia kuwa wao walijifunza imani kabla ya kujifunza Qur'ani, kisha walipojifunza Qur'ani imani yao ikazidi.

Mtoto aliyezaliwa Lamu, Tanga au Unguja huingia chuoni akakuta Safinatun Najaa ya Sheikh Salim bin Sumeir, kitabu kinachoanza na nguzo tano za Uislamu, nguzo sita za imani na maana ya kalima, kisha upesi kinaingia kwenye tohara na swala. Mtoto huyo haumii kwa upesi huo. Imani ameshainyonya nyumbani: amemsikia bibi yake akisema inshallah kabla ya kupanga lolote, ameona maiti ya jirani ikiswaliwa, amelala huku akisomewa Ayatul Kursi. Mtu aliyekuja Uislamu na umri wa miaka thelathini hana akiba hiyo. Ukimpa mtaala wa mtoto wa Kiislamu, unamjengea ukuta bila msingi.

Kazi ya kumfundisha haihitaji uwe sheikhe. Inahitaji uzijue nguzo sita vizuri, uwe na tafsiri ya Qur'ani ya Kiswahili, na uwe mtu anayeweza kusema "hili silijui, nitamuuliza maalim" bila kuona haya. Tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyotoka Nairobi mwaka 1969, bado inatosha kabisa, na maelezo yake ya chini yanasaidia. Muda mzuri ni ule kati ya Maghribi na Isha. Ni mfupi, una mwisho unaojulikana, na mnamaliza kwa kuswali pamoja. Mwanamume akae na mwanamume, mwanamke na mwanamke, wawili au watatu tu, ili pawe na nafasi ya maswali.

Kama amesilimu kwa ajili ya ndoa, jambo la kawaida sana kwetu, usimdharau. Huyo ndiye anayehitaji darsa zaidi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza anaamini nini. Aliulizwa harusi ni lini. Ila mwalimu wake asiwe mkwe. Mtu hawezi kumuuliza mkwewe swali linalomsumbua kikweli.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Kutanguliza imani hakuna maana ya kuchelewesha swala. Swala imemlazimu tangu alipotamka shahada. Basi aswali na jamaa, afuate imamu, ajifunze Alhamdu aya moja baada ya nyingine, na mafunzo ya udhu yaende sambamba. Kadhalika akikuuliza kuhusu pombe au nguruwe, mwambie hukumu yake bila kupunguza. Nisemalo ni kwamba kiti cha darsa, ule wakati wenu wa kukaa na kuelezana, uwe wa imani kwanza.

Anza na hadithi ya Jibril

Usianze kwa kumpa orodha ya sita aikariri. Msimulie kisa. Umar bin Khattab (R.A.) anaeleza kwamba siku moja walikuwa wamekaa na Mtume, akatokea mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana, hana dalili ya safari, na wala hakuna aliyemjua. Akaenda moja kwa moja akakaa mbele ya Mtume, magoti yakagusana na magoti, akaweka viganja juu ya mapaja. Akauliza Uislamu ni nini, akajibiwa nguzo tano. Akasema umesema kweli. Masahaba wakashangaa: anauliza, kisha anasadikisha! Akauliza imani ni nini, akajibiwa: kumwamini Allah, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho, na kuamini kadari, heri yake na shari yake. Akauliza ihsani, akauliza Kiyama, kisha akaenda zake. Baadaye Mtume akamjulisha Umar kuwa huyo alikuwa Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao.

Hadithi hii imo katika Sahih Muslim, na Imamu Nawawi aliiweka ya pili katika Arubaini yake. Nguvu yake kwa mwanafunzi wako ni kwamba anaona dini inafundishwa kwa swali na jibu, kwa watu waliokaa chini magoti yakigusana. Akishaishika hadithi hiyo, amepata ramani ya masomo yote yanayofuata, na anajua yeye pia ana ruhusa ya kuuliza.

Kumwamini Allah: hapa kaeni muda mrefu

Nguzo hii peke yake ichukue vikao vingi kuliko nyingine zozote. Fungueni Surat Ikhlas, sura ya 112. Ni aya nne tu, na Mtume ameieleza kuwa sawa na theluthi ya Qur'ani. Msomee Kiarabu polepole, kisha yeye asome Kiswahili kwa sauti yake. Simameni kwenye kila aya: upweke wa Allah; kwamba viumbe vyote vinamhitaji na Yeye havihitaji; kwamba hana mzazi wala mwana; kwamba hakuna kinacholingana naye. Muulize kila aya inabadilisha nini katika alivyokuwa akiamini. Kaa kimya umsikilize. Hapo ndipo utakapojua yuko wapi, na mara nyingi utakuta hayuko ulipodhani.

Watu wengi wanaosilimu kwetu walikuwa wakimwamini Mungu Muumba siku zote. Hakuna haja ya kuwathibitishia kuwa Mungu yupo. Panapohitaji kazi ni pale ibada inapoelekezwa: dua, nadhiri, kuchinja, hofu na tegemeo. Msaidie kwa mambo anayokutana nayo mtaani. Mtoto ana homa usiku, jirani anashauri akapigiwe ramli ijulikane nani kamroga. Biashara imelala, mtu anaambiwa achinje kuku mweusi kwenye mti fulani. Shamba halijatoa, wazee wanataka mzimu upelekewe chakula. Mwambie wazi kwamba tauhidi inaanza kuonekana hapo: mtoto anapelekwa hospitali na kuombewa dua kwa Allah, na kwa mpiga ramli hapaendwi. Na uwe mkweli kwake kwamba wapo Waislamu wa kuzaliwa wanaokwenda huko, na kwamba kwenda kwao hakuifanyi kuwa dini. Asipolisikia kwako ataliona mwenyewe, na litamvunja.

Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu hirizi yenye aya za Qur'ani pekee. Huo usiwe mjadala wa darsa zako. Inatosha ajue kwamba asiiamini karatasi, kamba wala pete kuwa ndiyo inayomkinga.

Kisha mfundishe majina ya Allah machache kwa kuyatumia. Anatafuta kazi? Mfundishe amwombe kwa jina la Ar-Razzaq. Ana dhambi inayomwelemea? Al-Ghaffar. Majina tisini na tisa kwa mkupuo hayamsaidii. Jina moja aliloliomba machozi yakimtoka litamkaa maisha.

Malaika

Hapa hamtakawia. Malaika wameumbwa kwa nuru, hawali, hawanywi, hawamwasi Allah. Wageni waliomfikia Nabii Ibrahim waliandaliwa ndama wa kuchoma wasimnyooshee mkono, naye akaingiwa na hofu mpaka wakamjulisha wao ni nani. Kisa hicho kinatosha kuliko maelezo mengi. Mtajie Jibril wa wahyi, Mikail, Israfil wa kupuliza parapanda, malaika wa mauti, na wale wawili wanaoandika matendo ya kila mtu. Tenganisha malaika na majini, maana pwani yetu imejaa habari za majini na mashetani, na mgeni huyachanganya yote na roho za waliokufa. Majini wameumbwa kwa moto, wamo wema na waovu, na wote wako chini ya uwezo wa Allah. Hawaombwi, hawapikiwi.

Vitabu na mitume: usifiche tofauti

Aliyetoka kanisani anakuja na hazina. Anamjua Nuhu, Ibrahimu, Yusufu, Musa, Daudi, Sulemani, Ayubu, Yona, Zakaria. Qur'ani imewataja mitume 25 kwa majina, na wengi wao ataona ni watu anaowafahamu. Wageni kwake watakuwa kina Hud na Salih. Mruhusu afurahi. Mpe Surat Yusuf aisome nyumbani kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha akusimulie. Mpe na Surat Maryam. Watu wengi hawajui kabla ya hapo kwamba Qur'ani ina sura yenye jina la mama yake Isa, na kwamba ndiye mwanamke pekee aliyetajwa ndani yake kwa jina lake.

Lakini tofauti iseme. Waalimu wengine, kwa kuogopa kumuudhi, humwambia mwanafunzi kuwa dini zote zinasema jambo moja. Siku akigundua sivyo, hatamwamini tena mwalimu huyo. Tunaye mfano mzuri wa ukweli uliochanganyika na adabu. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Uhabeshi, karibu na mwaka 615, Makureshi waliwafuata na kuwachongea kwa Mfalme Najashi, aliyekuwa Mkristo, kuwa wanasema jambo zito juu ya Isa. Ulikuwa wakati wa hatari; neno moja la kumridhisha mfalme lingewasalimisha. Jaafar bin Abi Talib aliyekuwa amemsomea mwanzo wa Surat Maryam alimjibu waziwazi kuwa wanasema aliyowafundisha Mtume wao: Isa ni mja wa Allah na Mtume wake, roho itokayo kwake, na neno lake alilompelekea Maryam. Najashi aliwapa amani.

Basi mweleze mwanafunzi wako hivyohivyo. Isa (A.S.) alizaliwa na bikira bila baba, alifanya miujiza kwa idhini ya Allah, ni miongoni mwa mitume watano wakubwa pamoja na Nuhu, Ibrahim, Musa na Muhammad. Waislamu hawaamini kuwa ni Mungu wala mwana wa Mungu, wala kwamba alisulubiwa. Allah alimnyanyua, naye atarudi kabla ya Kiyama. Mpe nafasi. Kwa mtu aliyeimba Pasaka tangu utotoni hili ni jambo la kuumiza hata kama akili yake imeshakubali. Usimdhihaki alivyokuwa, wala usiidhihaki dini ya wazazi wake.

Kuhusu vitabu, Taurati ilishuka kwa Musa, Zaburi kwa Daudi, Injili kwa Isa, na Qur'ani kwa Muhammad kwa muda wa miaka 23. Tunaamini asili ya vyote imetoka kwa Allah, na kwamba vilivyotangulia viliingiliwa na mikono ya watu, ilhali Qur'ani imehifadhiwa. Na Muhammad (S.A.W.) ni wa mwisho. Alizaliwa Makka yatima, alichunga mbuzi, alifanya biashara, alizika watoto wake, alifariki Madina mwaka 632. Sisitiza ubinadamu wake: anapendwa, anafuatwa, haabudiwi.

Siku ya Mwisho

Wapo wanaofundisha nguzo hii kwa moto tu, na wapo wanaoipitia kwa rehema tu. Qur'ani inaviweka viwili hivyo pamoja karibu kila mahali. Mpe mtiririko kwa ufupi: kaburi na maswali yake, kufufuliwa, hesabu, mizani, sirati, Pepo au Moto. Kisha msomee hadithi ya muflisi. Mtume aliwauliza masahaba kama wanamjua muflisi, wakasema ni asiye na fedha wala mali. Akawaeleza kuwa muflisi wa umma wake ni mtu atakayekuja na swala, funga na zaka, lakini alimtukana huyu, akamzulia yule, akala mali ya mwingine, akampiga fulani. Thawabu zake zitagawiwa hao mpaka ziishe, kisha atwikwe madhambi yao. Kwa hadithi hiyo Kiyama kinamfika dukani kwake, kwenye mizani yake ya unga, kwenye deni la kodi ya nyumba.

Kuna swali litakalokuja, pengine usiku mkiwa mnatoka msikitini: mama yangu alikufa kabla sijasilimu, yuko wapi? Usimtolee hukumu mtu aliyekwisha kwenda. Mwambie Allah ni mwadilifu, hamdhulumu yeyote, na anajua lililomfikia mama yake na lisilomfikia. Jambo lake liko kwake. Kisha, kama hujui la kuongeza, mpeleke kwa mwanachuoni mwenye hekima.

Kadari

Hii iwe ya mwisho, kama ilivyo katika hadithi. Ukianza nayo mtazama kwenye maswali ya hiari na kulazimishwa ambayo watu wazima wa elimu wameyahangaikia karne nyingi. Tumia kisa cha Umar. Alikuwa njiani kwenda Sham, karibu na mwaka 639, akapata habari kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akakubali, akasema wanaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah, akamuuliza: ukiwa na ngamia bondeni, upande mmoja una majani na mwingine mkavu, je, popote utakapowalisha si kwa kadari ya Allah? Ndipo Abdurrahman bin Auf akaja na neno la Mtume kuwa msiingie nchi yenye tauni, na kama mmo ndani yake msitoke mkiikimbia.

Mwanafunzi akielewa kisa hiki, ameelewa kwamba kuamini kadari hakumzuii kuchanja mtoto, kufunga mlango, kutafuta kazi nyingine. Kunamzuia kufa moyo baada ya kufanya yote hayo na jambo likaenda kinyume.

Yanayoweza kungoja

Jina halimlazimu kubadilishwa isipokuwa lina maana mbaya au ya kuabudu asiye Allah. Mtu anaweza kubaki na jina alilopewa na babu yake akawa Muislamu mwema. Mabishano ya maulidi, ya mwezi umeandama wapi, ya khitma, yasimfikie kupitia kwako. Ukiulizwa kwa nini misikiti miwili ya mtaa mmoja imefunga siku tofauti, jibu kwa maneno mawili na mrudi kwenye somo. Akikutana na Ithnaashari au Ibadhi, ambao wana mpangilio wao wa kuhesabu misingi ya imani, ajue kuwa tofauti zipo na kwamba tauhidi, utume wa Muhammad na Akhera ni imani ya wote.

La wazazi halingoji. Watu humshauri akate mguu kwao, na huko ni kumdhulumu yeye na kumharibia dini yake. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume kama amtendee wema, naye akamwamuru aunge udugu. Mhimize aende, apeleke sukari na unga, amkatie mama kuni. Familia itaupima Uislamu kwa anavyoingia mlangoni mwao.

Kupima kama ameelewa, usimtahini. Mwombe amweleze mtu mwingine, mkewe au rafiki, nawe ukiwepo. Atakapokwama ndipo mtakaporudia. Na kukariri peke yake kusikudanganye: mtu anaweza kuzitaja nguzo sita kwa pumzi moja na bado akafunga uzi mwekundu kiunoni kwa mwanawe.

Kama msikitini kwenu yupo mtu aliyetoa shahada mwaka huu, na hujui anaishi wapi wala nani anamfundisha, mtafute. Muulize ana nafasi siku gani baada ya Maghribi. Darsa ya kwanza haihitaji zaidi ya tafsiri ya Kiswahili, Surat Ikhlas na masikio yako.